Kwa nini skripti yako ya Python inavuruga faili za mti wa vifaa

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Nina bodi za aina moja zenye kumbukumbu ya GB 1, GB 2 na GB 4, na faili moja ya .dtb (mti wa vifaa) niliyopewa pamoja nazo. Nataka skripti ya Python itengeneze faili ya kila aina, iwashe nodi fulani za I2C (njia ya kuunganisha chipu ndogo) na iandike anwani ya MAC ya kila bodi. Mwanzoni niliigeuza .dtb kuwa maandishi, nikabadilisha kwa regex, nikairudisha. GB 2 ilikubali lakini PCIe ikafa. GB 4 ilikataa kabisa. Nikahamia pylibfdt, maktaba ya Python ya kuhariri .dtb, sasa napata `pylibfdt error -3: FDT_ERR_NOSPACE`, nikilitatua hilo napata `-4: FDT_ERR_BADOFFSET`, na safari nyingine I2C inayowaka si ile niliyoitaka. Je, nimechagua maktaba isiyofaa?"

Hapana, maktaba ni hiyo hiyo, usiiache. Tatizo ni kwamba unaitumia kama vile faili ya .dtb ni kamusi ya Python yenye matawi, ukishika tawi limekaa mkononi. Sivyo ilivyo. Ni mfululizo mmoja wa baiti uliobanwa bila nafasi ya ziada, na pylibfdt haikufichi hilo. Makosa yako yote, hata yale ya regex, yanatoka hapo.

Kwa msomaji mwingine anayepita: hatuzungumzii Verilog wala VHDL, ambazo huelezea saketi yenyewe. Mti wa vifaa huiambia kerneli bodi ina nini na kiko anwani gani, kwa sababu vifaa vingi vilivyo ndani ya chipu haviwezi kujitambulisha vyenyewe kama vya USB. Wazo lilitoka Open Firmware, iliyowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Watu wa Linux ya PowerPC wakalibana liwe faili moja bapa, kisha ARM nao wakalichukua. Maandishi yake ni .dts, na kompaila yake, `dtc`, hutoa .dtb.

Tuanze na regex, kwa ufupi, maana umeshaiacha. Katika kipande ulichoambatisha ulitafuta `0x40000000` ukaweka `0x80000000`. Ni kweli 0x40000000 ni GB 1. Lakini namba hiyo hiyo inaweza kuwa anwani ya kuanzia, au ukubwa wa dirisha ndani ya `ranges` ya PCIe, na ukishaigeuza .dtb kuwa maandishi hakuna kinachokuonyesha kwamba hii ni kumbukumbu na ile ni PCIe. Lebo zimepotea, maoni yamepotea, majina ya makro yamepotea, na marejeo kati ya nodi yamebaki namba tupu. Regex yako ilifanya ulichoiagiza. Kuhusu GB 4, nitarudi chini, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ambayo hata pylibfdt haitakuokoa usipoelewa.

Sasa fungua faili yako kwa `xxd` uangalie mwanzo wake. Baiti nne za kwanza ni `d0 0d fe ed`. Kichwa cha faili kina baiti 40: namba hiyo ya utambulisho, ukubwa wa faili nzima, mahali kila sehemu inapoanzia, toleo (karibu kila utakapopita utakuta 17) na mengine machache. Namba zote zimeandikwa baiti kubwa ikitangulia, hata kama prosesa yako husoma kinyume. Baada ya kichwa kuna sehemu tatu: orodha ya kumbukumbu isiyoguswa, muundo wa mti, na majina ya sifa. Katika muundo, nodi huanza kwa alama 1, hufungwa kwa alama 2, sifa huanza kwa alama 3, na mwisho wa yote ni alama 9. Kila alama ina baiti nne. Jina la sifa, mfano `status`, halirudiwi kila linapotumika. Huandikwa mara moja katika sehemu ya majina, na kila nodi huelekeza huko.

Ukiielewa picha hiyo, kosa la kwanza halihitaji maelezo marefu. `dtc` hutoa faili iliyojaa mpaka ukingoni, ukubwa uleule uliotajwa katika kichwa. Ukitaka kuongeza sifa `local-mac-address` yenye baiti sita za MAC, unahitaji baiti 12 za utangulizi wa sifa (alama, urefu, na mahali jina lilipo), baiti 6 za MAC zinazojazwa hadi 8 ili zigawanyike kwa nne, na kama jina hilo halijawahi kutumika katika faili, baiti 18 za jina pamoja na sifuri yake ya mwisho. Jumla 38. Faili haina hata moja. Ndiyo maana ya -3.

Panua kwanza, fanya kazi, kisha bana:

```python
import libfdt

with open('bodi.dtb', 'rb') as f:
    fdt = libfdt.Fdt(f.read())

fdt.resize(fdt.totalsize() + 4096)
# mabadiliko yote hapa
fdt.pack()

with open('bodi-mpya.dtb', 'wb') as f:
    f.write(fdt.as_bytearray())
```

Angalia kwamba kifurushi unachosakinisha kinaitwa `pylibfdt` lakini unachoita ndani ya skripti ni `libfdt`. Nimeona watu wakihangaika na hilo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Namba 4096 haina siri yoyote. Ni nafasi ya kutosha, na `pack` itairudisha isiyotumika. Usipanue kidogo kidogo kwa kukamata kosa la -3 na kujaribu tena. Inafanya kazi, lakini anayesoma skripti baada yako atafikiri kuna sababu.

Kosa la -4 ndilo kiini cha barua yako. Unapoita `fdt.path_offset('/soc/i2c@30a20000')` hurudishiwi nodi. Unarudishiwa ofseti, yaani umbali wa baiti kutoka mwanzo wa muundo mpaka pale nodi inapoanzia. Ni sahihi kwa sasa hivi tu. Skripti yako inakusanya ofseti za nodi zote za I2C kwenye orodha, kisha inaipitia orodha ikibadilisha `status` ya kila moja. Hebu tufuate badiliko la kwanza. Neno `disabled` pamoja na sifuri yake ni baiti 9, zinazojazwa mpaka 12. Neno `okay` na sifuri yake ni baiti 5, zinazojazwa mpaka 8. Maktaba imevuta kila kitu kilicho mbele yake kurudi nyuma baiti nne. Ni kama watu waliobanana kwenye benchi: akitoka mmoja katikati, wote wa upande ule husogea, na wewe bado umeshika namba ya kiti. Ofseti ya pili katika orodha yako sasa haiangukii mwanzo wa nodi, libfdt inakagua alama, haikuti 1, inakupa BADOFFSET.

Na hapo ulikuwa na bahati. Ukifuta nodi nzima au kuongeza nodi mpya, msogeo ni mkubwa zaidi, na ofseti ya zamani inaweza kuangukia mwanzo halisi wa nodi nyingine. Hapo hupati kosa lolote. Unabadilisha kifaa ambacho hukukitaja, na faili inapita ukaguzi wote wa muundo.

Dawa ni kuhifadhi njia badala ya ofseti, na kuitafuta ofseti upya kila kabla ya kubadilisha:

```python
def tembea(fdt, nodi=0, njia=''):
    yield njia or '/'
    m = fdt.first_subnode(nodi, libfdt.QUIET_NOTFOUND)
    while m >= 0:
        yield from tembea(fdt, m, njia + '/' + fdt.get_name(m))
        m = fdt.next_subnode(m, libfdt.QUIET_NOTFOUND)

njia_zote = list(tembea(fdt))
for njia in njia_zote:
    if njia in za_kuwasha:
        fdt.setprop_str(fdt.path_offset(njia), 'status', 'okay')
```

Ile `list(...)` isiondolewe kwa kisingizio cha kuokoa kumbukumbu. Bila hiyo, `tembea` itaendelea kutembea juu ya faili huku ukiibadilisha, na umerudi palepale. Kuhusu kasi usijali: kutafuta njia upya ni kusoma faili kutoka mwanzo, lakini faili yenyewe kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti tu.

Kama unabadilisha nodi moja tu unayoijua kwa jina, hata kutembea huhitaji; ita `path_offset` na `setprop_str` katika mstari mmoja, ofseti isipate hata jina. Mimi huiandika hivyo kila ninapoweza. Kigezo kinachoitwa `nodi` ambacho kinaishi mistari ishirini ni mtego uliotegwa tayari.

Sasa ile I2C isiyo yako. Uliandika `path_offset('/soc/i2c')`, bila `@` na anwani. libfdt inakubali jina lisilo na anwani: italinganisha sehemu iliyo kabla ya `@` na kukupa ya kwanza inayofanana. Kwa `/memory` hilo ni la manufaa, maana mara nyingi ipo moja. Kwa I2C ambazo ziko nne au tano chini ya mzazi mmoja, umepata ya kwanza kwa mpangilio wa faili, na mpangilio wa faili haukuhusu. Andika jina kamili. Au, bora zaidi kama faili yako ina nodi ya `/aliases`, tumia jina la utani: `fdt.path_offset('i2c1')` bila mkwaju wa mwanzo hutafutwa katika `/aliases`. Jina hilo hubaki lilelile hata mtengenezaji wa chipu akihamisha nodi chini ya mzazi mwingine katika toleo jipya la kerneli, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyodhani. Usilichanganye na lebo, ile ya `&i2c1` unayoiona katika .dts, lebo haiingii katika .dtb isipokuwa aliyeikompaili alitumia `-@`, na hata hapo huwekwa katika nodi ya `__symbols__`.

Kuna jambo moja katika skripti yako ambalo hukuliuliza ila limenikera. Sehemu moja umeandika `setprop(n, 'status', b'okay')`, na bodi ikawaka vizuri. Umesahau sifuri ya mwisho. Ilifanya kazi kwa bahati, na bahati yenyewe inachekesha: `okay` ni baiti nne kamili, hivyo hakuna kujaza, na kinachofuata mara moja ni alama ya sifa nyingine, `00 00 00 03`, au ya kufunga nodi, `00 00 00 02`. Kwa kuwa baiti kubwa hutangulia, baiti ya kwanza ya alama ni sifuri, na kerneli inapolinganisha maandishi inaikuta sifuri hiyo na kuridhika. Lakini ukiisoma sifa hiyo kwa `as_str()` ya pylibfdt utapata ValueError, na hiyo ndiyo tabia sahihi. Tumia `setprop_str`, inaweka sifuri yenyewe. Upande wa kusoma, `as_str()` inakataa pia sifa yenye maandishi zaidi ya moja, kama `compatible` ya kawaida. Hizo zisome kwa `as_stringlist()`.

Twende kwenye GB 4. Thamani ya `reg` katika nodi ya kumbukumbu ni jozi ya anwani na ukubwa, lakini haisemi yenyewe kila kimoja kina upana gani. Upana unatajwa kwa mzazi, katika `#address-cells` na `#size-cells`, na seli moja ni biti 32. Kama mzizi umesema 2 na 2, GB 1 inayoanzia 0x80000000 huandikwa `<0x0 0x80000000 0x0 0x40000000>`, baiti 16. Kama mzizi umesema 1 na 1, jambo lilelile ni `<0x80000000 0x40000000>`, baiti 8. Faili ya binari haina mabano wala koma. Ukiandika umbo la kwanza mahali pa la pili, kerneli itasoma benki mbili za kumbukumbu zisizo na maana, zote zikianzia sifuri.

GB 4 ni 0x100000000, tarakimu moja zaidi ya zinazoingia katika biti 32. Kwa seli mbili ni `0x1 0x0`. Kwa seli moja haiandikiki, basi. Regex yako ilijaribu kuweka namba nzima katika seli moja, na `dtc` ikagoma. Ilifanya vizuri kugoma.

Katika Python, njia fupi ya kuandika hivi bila kudanganyika ni hii:

```python
def seli(fdt, nodi, jina, kama_haipo):
    p = fdt.getprop(nodi, jina, libfdt.QUIET_NOTFOUND)
    return kama_haipo if isinstance(p, int) else p.as_uint32()

a = seli(fdt, 0, '#address-cells', 2)
s = seli(fdt, 0, '#size-cells', 1)

reg = (0x80000000).to_bytes(4 * a, 'big') + (4 << 30).to_bytes(4 * s, 'big')
fdt.setprop(fdt.path_offset('/memory@80000000'), 'reg', reg)
```

Ninaipenda `to_bytes` kwa sababu moja: ukiipa namba isiyoenea, inatoa OverflowError papo hapo badala ya kukata biti za juu kimyakimya. Kama bodi yako ya GB 4 ina `#size-cells` ya 1, skripti itasimama hapo, na huo ni ujumbe kwako kwamba faili ya msingi haifai kwa bodi hiyo. Usijaribu kuibadilisha `#size-cells` ya mzizi kwa skripti. Watoto wote wa moja kwa moja wa mzizi wenye `reg` wataanza kusomwa kwa upana mpya. Hiyo ni kazi ya kufanywa katika .dts na mtu anayeijua bodi. Na thamani za 2 na 1 nilizoweka kwa sifa isiyokuwepo ndizo zilizo katika kanuni za mti wa vifaa; si urithi kutoka kwa babu. Wengi hupanda mti wakitafuta `#address-cells` iliyo karibu juu. Si hivyo: mzazi asipoitaja, ni 2 na 1, kwisha. Na ukumbuke pia kwamba kuna chipu ambazo anwani zake hazina nafasi ya GB 4 mfululizo kuanzia 0x80000000, hivyo `reg` inakuwa na jozi mbili. Angalia mwongozo wa chipu kabla ya kunakili mfano wangu.

Ukishatengeneza faili, usiipeleke kwenye bodi kwanza. `dtdiff bodi.dtb bodi-mpya.dtb` inageuza zote mbili kuwa maandishi yaliyopangwa na kukuonyesha tofauti. Kama ulikusudia mistari mitatu na unaona tisa, umeshajua. Kwa swali moja la haraka tumia `fdtget -t x bodi-mpya.dtb /memory@80000000 reg`. Tena, kama kazi ingekuwa kuwasha I2C moja tu, `fdtput -t s` ingeimaliza bila Python kabisa.

Kuna mtu mwingine anayeandika katika faili hiyo baada yako: programu inayowasha bodi. U-Boot, kwa mfano, mara nyingi hujaza upya ukubwa wa kumbukumbu kulingana na ilichopima, huandika `bootargs` katika `/chosen`, na huweka anwani ya MAC kutoka kwenye mazingira yake. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba sehemu mbili kati ya tatu za skripti yako zinafutwa kila bodi inapowaka. Kwenye bodi iliyowaka, `dtc -I fs /proc/device-tree` itakuonyesha mti ambao kerneli imeupokea kweli. Ulinganishe na ulioutengeneza. Kama U-Boot inajaza kumbukumbu yenyewe, futa sehemu hiyo ya skripti. Mbili zinazoandika kitu kimoja ni ugomvi wa baadaye.

Ningekuwa mimi, ningegawa kazi hivi. I2C zipi zimewashwa ni jambo la muundo wa bodi, halibadiliki kati ya bodi na bodi, hivyo ningeliweka katika .dts, au kama huna .dts, katika faili ndogo ya nyongeza ya .dtbo inayounganishwa kwa `fdtoverlay -i bodi.dtb -o mpya.dtb i2c.dtbo`. Nyongeza hiyo inaweza kutaja njia kamili ya nodi kama .dtb yako haina `__symbols__`. Python ingebaki na kile kinachotofautiana kwa kila bodi moja moja: MAC, namba ya bodi, na kumbukumbu kama U-Boot haiijazi. Skripti ya namna hiyo haifiki hata mistari arobaini.

Na kama .dtb yako inafungwa ndani ya picha ya FIT (faili moja ya U-Boot inayobeba kerneli na .dtb pamoja) iliyotiwa sahihi, mabadiliko yote haya yafanyike kabla ya kutia sahihi. Baiti moja ikibadilika baadaye, ukaguzi unakataa na bodi haiwaki. Kama baada ya haya GB 4 bado inaonekana pungufu, nitumie matokeo ya `fdtget` ya `reg`, `#address-cells` na `#size-cells` za mzizi, pamoja na yale ya `dtc -I fs` kutoka kwenye bodi yenyewe, kwa maandishi na si picha ya skrini.